Daftari, kikundi au mshauri nasaha: uchague nini kuitunza akili yako

Mtu anayetaka kuitunza akili yake hapa Jinja ana njia mbili zilizo karibu na nyingine moja iliyo mbali kidogo, na nadhani hali ni hiyo hiyo Arua, Bombo, Busia na katika mitaa ya Kampala ambako Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu wa makabila mbalimbali. Anaweza kununua daftari na kuandika yanayomsumbua kila usiku akiwa peke yake. Anaweza kujiunga na kikundi kinachokutana kila wiki, ambacho wanachama wake huzungumza yaliyo moyoni. Anaweza pia kumtafuta mshauri nasaha au mhudumu wa afya ya akili hospitalini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimezipitia njia zote tatu tangu mwaka 2020, na walimu wenzangu huniuliza mara kwa mara waanze na ipi. Zamani nilikuwa nikijibu upesi kwamba waanze na daftari. Siku hizi sijibu hivyo, na sababu zangu nitazieleza kwa kuzipima njia hizi sambamba katika mambo yanayomgusa mchaguaji: zimejaribiwa wapi, zinagharimu nini, zinatunza siri kiasi gani, na zinamfaa nini mtu siku ambayo hana nguvu hata ya kunawa uso.

Mtazamo wenye afya, kwa maana ninayoitumia hapa, si kutabasamu kila saa wala kukataa kuiona shida. Ni uwezo wa kuliona jambo kwa ukubwa wake: deni la ada likabaki kuwa deni la ada, lisigeuke kuwa hukumu kwamba wewe ni mzazi asiyefaa, neno kali la mkubwa wa kazi likabaki kuwa neno la asubuhi moja, lisikufuate mpaka kitandani. Uwezo huo haupatikani mara moja ukabaki. Hupungua mtu anapofiwa, anapokosa usingizi, anapodaiwa au anapoishi muda mrefu bila wa kuzungumza naye, na kwa hiyo unahitaji kurudishiwa nguvu mara kwa mara kama shamba linavyohitaji kupaliliwa.

Zimejaribiwa wapi

Uandishi wa faragha umetafitiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku 4 mfululizo. Baadhi yao waliandika mambo ya kawaida yasiyo na uzito, na wengine waliandika tukio lililowaumiza kuliko yote maishani pamoja na hisia zao juu yake. Hawa wa pili walimaliza kuandika wakiwa na huzuni kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough nao walionyesha kwamba watu walioandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano waliyoyashukuru, waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walivyoyaona wale walioorodhesha kero zao.

Matokeo hayo nayaheshimu, lakini inafaa kuangalia walioandika walikuwa nani. Kwa sehemu kubwa walikuwa wanafunzi wenye afya, wenye meza na taa, walioitwa na mtafiti na kupewa saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kulikuwa na mtu aliyewangoja. Mwalimu aliyerudi nyumbani kwa miguu akiwa na rundo la madaftari ya kusahihisha hangojwi na yeyote aone kama ameandika au hakuandika.

Kwa upande wa kikundi, jaribio ambalo kila mkazi wa Uganda anayejali jambo hili angefaa kulijua lilifanyika hapa hapa nchini, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, eneo lililoumizwa na UKIMWI mapema na kwa ukali. Watafiti hawakuanza kwa kuwaletea wanakijiji jina la ugonjwa kutoka vitabuni; walisikiliza wenyeji wanavyoieleza hali hiyo, na wenyeji wakataja maneno mawili ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia na kujililia. Kisha watu waliokuwa na hali hizo wakaketi katika vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, kwa dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliojua Kiganda na waliopewa mafunzo ya wiki 2. Mazungumzo yalihusu mambo ambayo kila familia inayajua: kufiwa, ugomvi na watu wa karibu, na mabadiliko makubwa ya maisha kama kuugua au kupoteza kazi.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 na Paul Bolton na wenzake ni ya kushangaza hata leo. Kabla ya vikao, asilimia 86 ya waliopangiwa vikundi walikuwa na dalili za kutosha kuhesabiwa kuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na kwa waliopangiwa kuendelea bila vikundi idadi ilikuwa asilimia 94. Baada ya vikao, waliobaki na hali hiyo katika vikundi walikuwa asilimia 6.5 tu, ilhali kwa wale wengine walikuwa asilimia 54.7. Ni kweli kwamba kama wanne kati ya kila kumi wasiopata kikundi walipata nafuu pia, kwa kuwa wakati nao una dawa yake, lakini tofauti iliyobaki ni kubwa mno kuipuuza. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo hiyo katika vikao 8, ili iweze kutumika mahali penye wataalamu wachache.

Hata hivyo kikundi si dawa ya kila mtu. Njia hiyo ilipojaribiwa kwa vijana wa miaka 14 hadi 17 katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda, na matokeo kutolewa mwaka 2007, wasichana walipata nafuu iliyo wazi, lakini kwa wavulana tofauti haikutosha kusemwa kwa uhakika. Nimefundisha wavulana wa umri huo kwa muda mrefu na sikushangaa. Kijana wa kiume anayeambiwa aseme mbele ya wenzake kwamba analia usiku atatafuta mlango, na mwenye kijana wa namna hiyo nyumbani asidhani kwamba ni mkaidi; huenda anahitaji mtu mmoja, si watu kumi.

Gharama, na muda unaokula

Hapa daftari linashinda bila ubishi. Ni kitu cha bei ndogo, halihitaji nauli, na dakika 15 zinapatikana hata kwa mama mwenye mtoto mchanga. Asiyejua kuandika anaweza kujirekodi sauti kwenye simu, na faida kubwa haipotei, kwa sababu kinachofanya kazi ni kuyapanga mambo kwa maneno.

Kikundi kinachukua saa moja na nusu kwa wiki, na kwa kweli kinachukua zaidi, kwa maana hakuna mkutano wetu unaoanza kwa wakati. Kwa kawaida kina mchango. Kikundi changu kilianza kama kikundi cha kuweka akiba hapa Walukuba, mtaa wa Jinja, chenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo zinazokaa kwa watu watatu tofauti, na mazungumzo ya moyoni yaliongezwa baadaye, kwa nusu saa kabla sanduku halijafunguliwa. Mchanganyiko huo wa fedha na faraja una uzuri wake, kwa sababu watu huja hata siku wasiyotaka kuja. Lakini una hatari yake pia, kwa kuwa asiye na mchango huona aibu kufika, na asiye na mchango mara nyingi ndiye anayehitaji kusikilizwa kuliko wote. Ukijiunga na kikundi cha aina hiyo, uliza mapema kama mtu anaruhusiwa kuketi na kuzungumza wiki ambayo hana kitu mkononi. Wakikujibu kwamba haruhusiwi, endelea kutafuta.

Mshauri nasaha binafsi hutoza kwa saa, na ada hiyo kwa wengi wetu inazidi kipato cha siku nzima. Hospitali za serikali hazitozi kwa huduma za kawaida tangu ada zilipofutwa mwaka 2001, na hospitali za rufaa za mikoa, ya Jinja ikiwemo, zina vitengo vya afya ya akili. Gharama inayobaki ni nauli, siku nzima ya kungoja benchi, na wakati mwingine dawa ambazo hazipo siku hiyo. Hesabu mambo hayo kabla ya kwenda, ili usikate tamaa ukiwa njiani.

Siri

Watu wengi hukwepa kikundi kwa sababu ya siri, na hofu yao si ya bure. Ninamfahamu mwalimu mmoja, wa mji mwingine, aliyeeleza mgogoro wa ndoa yake katika kikundi chao siku ya Jumapili, na Jumatatu asubuhi muuza nyanya akampa pole. Hakurudi tena, na kwa mwaka mzima hakumwambia mtu yeyote jambo lolote. Kikundi kinachovuja kinadhuru kuliko kukosa kikundi. Kwa hiyo kabla hujafungua kinywa, keti vikao viwili ukisikiliza tu, na uangalie kama kiongozi hurudia sharti la siri kila mara mnapoanza, na kama wanachama huwasema wale ambao hawapo. Wanaowasema wasiokuwepo watakusema na wewe.

Daftari linaonekana kuwa kaburi la siri, lakini katika nyumba ya vyumba viwili hakuna mahali pa kulificha ambapo mtoto wa miaka 9 hapajui. Wengine huandika kisha huchoma karatasi, na hilo halina ubaya, kwa kuwa faida iko katika kuandika zaidi kuliko katika kuhifadhi.

Mshauri na daktari wanafungwa na maadili ya kazi kutunza siri, na katika hilo ni salama kuliko njia nyingine zote. Aibu inatoka kwingine: katika kuonekana umeketi kwenye benchi la kliniki ya akili. Hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 mashariki mwa Kampala, imegeuzwa tusi katika vinywa vya watu kiasi kwamba mtoto anaweza kumwambia mwenzake "nenda Butabika" bila kujua kwamba anawataja watu waliokwenda hapo wakapona na kurudi makazini. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani, inamtambua mgonjwa wa akili kuwa mtu mwenye haki zake na inataka huduma zifike hadi vituo vya afya vya chini. Ndimi za watu zinabadilika polepole kuliko sheria, na walimu tunayo kazi hapo.

Siku mbaya

Hapa ndipo mawazo yangu yalipobadilika.

Shule zilifungwa Machi 2020, na shule zote hazikufunguliwa tena mpaka Januari 2022. Nilikuwa nikifundisha katika shule ya binafsi, na mshahara ulikatika mwezi wa pili. Nilianza kuandika wakati huo huo, na ninakiri kwamba daftari liliniokoa katika miezi ile ya kwanza. Nilitumia utaratibu wa mistari mitatu ambao bado naupendekeza kwa mtu yeyote. Ukurasa mmoja wa Agosti 2020, ambao uko mbele yangu ninapoandika haya, unasema hivi:

Lililotokea: mkuu wa shule amepita sokoni, hakuitikia salamu yangu.
Nililojiambia: ameshaamua kuniacha, anaona haya kunitazama.
Ninalolijua kwa hakika: alikuwa na simu sikioni.

Mstari wa tatu ndio wenye kazi. Hauongopi wala haubembelezi. Unarudisha jambo kwenye kimo chake. Niliongeza na desturi nyingine ambayo Thomas Borkovec na wenzake waliieleza mwaka 1983, ya kuitengea wasiwasi nusu saa maalumu kila siku, mahali pamoja, ili unapokujia saa nyingine uweze kuuambia ungoje. Mimi niliitenga saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimeketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Kwa kweli usingizi ulirudi.

Kisha ukaja mwezi Juni 2021, wakati wimbi la pili la korona lilipopita na nchi ikafungwa kwa mara nyingine. Kaka yangu mkubwa akafariki. Tulimzika watu wachache, bila matanga yanayostahili, bila wale majirani ambao hukesha na wafiwa mpaka maneno yaishe. Katika daftari langu kuna tarehe 24 Juni 2021, na chini yake neno moja: "Leo". Baada ya hapo kurasa ni nyeupe kwa wiki kumi na moja.

Ninaufungua ukurasa huo mara nyingi, kwa sababu unaonyesha kasoro ya daftari ambayo hakuna aliyenieleza. Daftari linangoja uje. Siku ambayo huwezi kuja, linaendelea kungoja, kimya, ndani ya kabati. Na hata kama ningekuwa na nguvu ya kuandika, huenda ningejidhuru, kwa kuwa kuandika huzuni ile ile kila usiku bila kuisogeza ni kuitafuna tu. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alionyesha katika tafiti zake kwamba mtu anayeirudia huzuni yake akilini bila kuchukua hatua hukaa nayo muda mrefu zaidi.

Kikundi hakikungoja. Kiliporuhusiwa kukutana tena, nje, chini ya mwembe, sikwenda wiki ya kwanza wala ya pili. Jumamosi ya tatu mama mzee ambaye sote tunamwita Jaja alisimama mlangoni kwangu akiwa amebeba kitambaa chenye mihogo miwili iliyochemshwa.

"Hodi. Mwalimu, kiti chako kina wiki mbili hakina mwenyewe."

"Karibu, Jaja. Nilikuwa ninaumwa kidogo."

"Ugonjwa huo ninaujua, mwanangu. Kula huo muhogo, kisha vaa viatu. Nakungoja hapa hapa."

Alingoja kweli, akiwa ameketi kwenye ngazi na kunipa mgongo ili nisione haya kula mbele yake. Siku hiyo sikusema neno lolote kikundini. Wiki iliyofuata nilitaja jina la kaka yangu, na mtu mmoja akaniuliza alikuwa akipenda kula nini, swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu mazishi. Nilizungumza kwa muda mrefu. Jioni hiyo ndiyo nilipolifungua daftari tena.

Mpangilio huo ndio ninaotaka msomaji autazame: kikundi kilinirudisha kwenye daftari, na daftari lisingeweza kunirudisha kwenye kikundi. Ndiyo maana ninapoulizwa, ninasema kikundi kiwe msingi na daftari liwe msaidizi, ingawa kwa bei, kwa urahisi na kwa siri daftari linaonekana bora. Njia ya kuitunza akili ipimwe kwa siku mbaya kuliko zote, kwa sababu siku njema karibu njia yoyote inatosha. Watu wetu walilijua hili kabla ya watafiti: vyama vya engozi kule Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, vilivyombeba mgonjwa kwenye machela hadi hospitalini, na vikundi vya munno mukabi kule Buganda vinavyomfikia mfiwa kabla hajaomba, vimejengwa juu ya wazo kwamba aliyeanguka hatakiwi kutembea mwenyewe kutafuta msaada.

Anayeona shida kusema mbele ya watu

Wapo ambao kuzungumza kikundini ni mateso, na sitaki waone kwamba nimewafungia mlango. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, huko West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, kulijaribiwa njia iliyo katikati, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Wanawake waliokimbia vita Sudan Kusini waliketi katika vikundi vya watu 20 hadi 30, kwa vikao 5 vya saa mbili mbili, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na kupewa kitabu chenye picha nyingi na maneno machache. Walijifunza kuvuta pumzi kwa utulivu, kuliona wazo linalokuja bila kupigana nalo, na kuchagua hatua ndogo zinazolingana na yale wanayoyathamini. Hakuna aliyelazimika kueleza yaliyompata. Hata hivyo, miezi mitatu baadaye, msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wanawake ambao hawakuhudhuria. Kukaa kimya kando ya wengine wanaofanya jambo lile lile nako ni kuwa pamoja, na msikitini na kanisani watu wengi huipata faida hiyo hiyo kila wiki.

Mambo mawili nisiyoyaweka katika mizani

La kwanza ni ushauri wa kufanya mazoezi, ambao ni wa kweli, ila kwetu unahitaji kufafanuliwa. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2018 ziliiweka Uganda miongoni mwa nchi ambazo watu wake hujishughulisha zaidi kimwili duniani; wasiofikia kiwango kinachotakiwa walikuwa asilimia 5.5 tu. Mama anayebeba jerikeni la maji mara tatu kwa siku haambiwi atembee. Anachokikosa ni kutembea bila mzigo, na kwa hiari yake, pamoja na mtu anayempenda. Kama unaweza kupata nusu saa ya namna hiyo kando ya ziwa jioni, ichukue, na uihesabu kuwa nyongeza ya njia yoyote utakayoichagua.

La pili ni video fupi za kutia moyo zinazosambazwa kwenye simu. Nimezitazama nyingi wakati wa usiku mgumu. Hupandisha moyo kwa dakika chache, kisha hutaka nyingine, na usingizi ndio unaolipa.

Mshauri na hospitali vinapokuwa si hiari

Nimeiacha njia ya tatu mpaka hapa kwa sababu kwa mtu mzima wa afya anayetaka tu kuutunza mtazamo wake si lazima aanze nayo. Lakini kuna mpaka, na ukishauvuka usiendelee kulinganisha. Kama huzuni au kutojali kumedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi, hamu ya kula au uwezo wa kufanya kazi umebadilika, nenda kituo cha afya ukamwone mhudumu. Uganda ina maofisa wa kliniki waliosomea magonjwa ya akili, ambao hufundishwa Butabika na kufanya kazi mikoani, na katika hospitali nyingi hao ndio utakaokutana nao kabla ya daktari bingwa. Vivyo hivyo kama mtu anasikia sauti wasizozisikia wengine, au kama pombe imekuwa ndiyo inayomlaza.

Na kama wewe au mtu wako anawaza kujiua, usisubiri siku ya mkutano wala usiliachie daftari kazi hiyo. Mtu huyo asiachwe peke yake, vitu vya kumdhuru viondolewe, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kumwuliza waziwazi kama ana wazo hilo hakumwingizii wazo hilo akilini. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema aliyokuwa ameyabeba peke yake. Kwa mtoto aliye katika hatari, namba 116 ya Sauti, huduma ya simu ya kuwasaidia watoto nchini Uganda, hupigwa bila malipo.

Mimi nilikwenda hospitalini mara nne mwishoni mwa mwaka 2021, kwa sababu usingizi ulikuwa umekataa kurudi wote. Mhudumu aliyenisikiliza hakunipa dawa. Aliniuliza maswali ambayo kikundi hakikuwa kimejua kuuliza, kuhusu saa ninazoamka, kuhusu maumivu ya kichwa, kuhusu hasira, na alinipangia saa maalumu ya kuamka hata kama sikulala. Utaalamu huo haupatikani chini ya mwembe, na wanaosema kwamba maombi au marafiki yanatosha kwa kila hali wanawachelewesha watu.

Kwa hiyo uanze na ipi

Kama linalokusumbua ni mawazo yanayozunguka, wasiwasi wa kesho, au tabia ya kujihukumu kwa kila kosa dogo, na bado unakula, unalala na unakwenda kazini, anza na daftari wiki hii, kwa mistari mitatu, usiku mmoja kati ya kila mbili. Kama baada ya wiki nne unaona unaandika jambo lile lile kwa maneno yale yale, acha kuandika juu ya jambo hilo na umpelekee mtu.

Kama linalokusumbua lina jina la mtu ndani yake, yaani umefiwa, umegombana, umehamia mji ambao humjui mtu, umestaafu au umeachwa, daftari halitatosha, kwa sababu jeraha limeingia kupitia kwa watu na kwa sehemu kubwa linapona kupitia kwa watu. Tafuta kikundi. Si lazima kiitwe kikundi cha afya ya akili. Kikundi cha akiba, kwaya, chama cha wazazi au darasa la dini kinaweza kuifanya kazi hiyo, mradi kiwe na watu wasiozidi kumi na tano wanaokutana kila wiki, wenye sharti la siri, na wenye desturi ya kumfuata asiyefika. Desturi hiyo ya mwisho naiweka juu ya zote. Unapokwenda kuulizia, usiwaulize wanafundisha nini. Waulize ni nani aliyekosa kuja wiki iliyopita, na ni nani aliyekwenda kumwona.